Bima imekataa upasuaji wa kupunguza uzito kwa sababu ya mwezi mmoja nilioukosa: nianze upya au nikate rufaa?

BintiTanga (Columbus, Ohio), 11 Machi 2025

Assalaam aleykum na habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kupita njia hii, kwa kuwa barua niliyoletewa na kampuni ya bima nimeisoma mara nyingi hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo, na bado sijui nifanye nini.

Nina umri wa miaka 43, urefu wangu ni mita 1.60, na ninafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Bima naipata kwa mwajiri. Nilipoanza kwenda kliniki ya upasuaji wa kupunguza uzito mwezi Agosti mwaka jana nilikuwa na kilo 108, na leo nina kilo 104. Nimeishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka sita, nina presha, na pumzi hunikatika usingizini, kiasi kwamba kila usiku nalala na mashine ya kupumulia. Daktari ameona kwamba baipasi, yaani upasuaji wa kulifanya tumbo dogo na kukifanya chakula kiruke sehemu ya utumbo, ndiyo itakayonifaa zaidi, kwa kuwa inasaidia kisukari pamoja na uzito.

Bima ilitaka kwanza nihudhurie kwa mtaalamu wa lishe miezi sita mfululizo. Nilikwenda Agosti, Septemba na Oktoba. Mwishoni mwa Oktoba baba yangu akafariki Tanga. Kumzika sikuwahi, lakini nilisafiri na nikakaa hadi arobaini, nikarudi katikati ya Desemba. Mtaalamu wa lishe aliniona Desemba hiyo hiyo, kisha Januari na Februari, na mimi nikaamini kwamba miezi sita imetimia. Maombi yakapelekwa mwishoni mwa Februari. Tarehe 4 Machi barua ikaja, na sababu iliyoandikwa ni moja tu: haikuthibitishwa kwamba mgonjwa amekamilisha miezi sita mfululizo chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Mhudumu wa kliniki amenieleza kwa simu kwamba wengi huona ni rahisi zaidi kuanza upya. Nikianza upya nitafika Septemba, na tathmini ya mwanasaikolojia niliyofanyiwa Oktoba nadhani itakuwa imepitwa na wakati. Jambo jingine linanitia hofu: nikiendelea kupungua na kushuka chini ya kilo 102, je, watasema sasa sistahili kwa sababu BMI yangu, yaani kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, iko chini ya 40? Yaani nikijitahidi naadhibiwa, na nisipojitahidi naambiwa sijajitahidi.

Sitafuti urembo. Kuna bibi ninayemhudumia ambaye lazima ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, na mwezi uliopita nilimgeuza nikalazimika kuketi kwenye kiti chake ili nipate pumzi. Yule bibi ndiye aliyeniuliza kama niko salama. Tangu siku hiyo nimeamua kwamba jambo hili sitaliacha.

MtuWaNyarugusu (Louisville, Kentucky)

Pole sana dada kwa msiba wa mzee, Mwenyezi Mungu amrehemu. Neno langu la kwanza ni kwamba usikubali kuanza upya kabla hujakata rufaa, kwa sababu mimi nilikataliwa mwaka 2023, nikakata rufaa, na mwaka uliofuata nikafanyiwa upasuaji.

Sababu yangu ilikuwa tofauti na yako, ingawa na yenyewe ilihusu karatasi kuliko ugonjwa. Nilikuwa na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, na walidai historia ya uzito wangu ya miaka mitano. Nilifika Marekani mwaka 2019 kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kambini mtu mzima mwanamume hapimwi uzito bila sababu. Wanaopimwa ni watoto na wajawazito. Mwaka mmoja ulikuwa unakosekana, na barua ikaandika kwamba historia haikutosha. Nilikaa wiki mbili nikidhani mambo yamekwisha, hadi mke wangu akautoa chini ya kitanda ule mfuko wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, tuliosafiri nao. Ndani yake mlikuwa na nakala za uchunguzi wa afya tuliofanyiwa kabla ya safari, wa mwezi Novemba 2018: kimo, uzito kilo 98, picha ya kifua, kila kitu. Daktari aliambatanisha ukurasa huo mmoja na barua yake, na rufaa ikapita.

Wenzetu wenye Medicaid wajue kwamba muda wao ni mfupi. Kwa mipango ya Medicaid inayosimamiwa na kampuni za bima, mtu ana siku 60 tangu tarehe ya barua kuomba rufaa, na rufaa ikishindikana ana siku 120 za kuomba kusikilizwa na jimbo. Bima ya mwajiri ina muda mrefu zaidi, na wanaoifahamu watakueleza.

Dada, nikuulize pia kuhusu tathmini ya mwanasaikolojia: ulifanyiwa kwa lugha gani? Mara ya kwanza mimi nilifasiriwa na binti yangu wa miaka 14. Niliulizwa kama huwa nakula usiku, na kama nakula wakati nina huzuni, na sikuweza kumwambia yule daktari kwa kinywa cha mwanangu jinsi nilivyokuwa nikiamka saa nane usiku kula kwa sababu ya ndoto za vita. Nilijibu hapana kwa kila swali. Tathmini ikatoka nyepesi, haina maana, na ililazimu irudiwe. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo, na haitakiwi kumtumia mtoto isipokuwa katika dharura. Mara ya pili nilizungumza na mkalimani kwa simu, mzee mmoja mwenye sauti ya upole, na nilisema yote.

MwanaWaKisauni (Minneapolis, Minnesota)

Dada BintiTanga, pole kwa kufiwa na mzee. Nimefanya kazi miaka tisa nikiwa mratibu wa bima katika kliniki inayofanya upasuaji huu, na kazi yangu ya kila siku ni kupeleka mafaili ya wagonjwa kwenye kampuni za bima na kuyapigania yanaporudishwa. Nitaandika kwa urefu, kwa sababu barua yako inaweza kugeuzwa na sitaki upoteze siku.

Kabla ya yote, tenganisha aina mbili za kukataliwa ambazo kwa mgonjwa huonekana kitu kimoja. Ya kwanza ni pale mkataba wenyewe unaposema kwamba upasuaji wa kupunguza uzito haugharamiwi hata kidogo. Ya pili ni pale mkataba unapougharamia, lakini kampuni inadai kwamba masharti hayajatimizwa au ulazima wa kitabibu haujathibitishwa. Yako kwa maelezo yako ni ya pili, na hiyo ndiyo yenye njia. Hata hivyo hakikisha. Kila mpango wa bima unatakiwa kumpa mwanachama muhtasari wa manufaa, hati ya kurasa chache, na karibu na mwisho wake kuna visanduku viwili: kimoja cha huduma ambazo mpango kwa kawaida haugharamii, kingine cha huduma nyingine unazogharamia. Upasuaji wa kupunguza uzito huandikwa katika kimojawapo. Kama umo katika cha kwanza, rudi hapa utuambie, maana ushauri utabadilika kabisa.

Sasa muda. Kwa bima ya mwajiri una siku 180 tangu ulipopokea barua ya kukataliwa, hivyo una nafasi hadi mwishoni mwa Agosti. Kwa huduma ambayo bado haijatolewa, kampuni inatakiwa kuamua rufaa ndani ya siku 30. Ikikataa tena kwa sababu za kitabibu, sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inakupa haki ya mapitio huru ya nje, yanayofanywa na watu wasioajiriwa na kampuni hiyo. Unayaomba ndani ya miezi minne, yanaamuliwa kwa siku zisizozidi 45, na kampuni inafungwa na uamuzi wao. Watu wengi huishia kwenye barua ya kwanza, na hapo ndipo roho huniuma, kwa kuwa wanaacha mlango ambao sheria imewafungulia.

Lakini usilale ukidhani una miezi sita. Kabla ya rufaa yenyewe kuna mazungumzo ya daktari kwa daktari, ambapo daktari wako wa upasuaji anampigia daktari wa kampuni na kumweleza kesi yako. Kampuni nyingi huweka dirisha la siku chache tu kwa simu hiyo, na tarehe ya mwisho huwa imeandikwa ndani ya barua kwa herufi ndogo. Piga simu kliniki kesho asubuhi, usimwombe mhudumu wa mapokezi, mwombe mratibu wa bima, na umwulize kwa maneno haya: daktari ameomba mazungumzo na daktari wa kampuni, ndiyo au hapana, na kama ndiyo ni tarehe gani.

Kuhusu kuanza upya, aliyekupa ushauri huo hakuhesabu vizuri. Tangu Desemba hujakosa mwezi. Una Desemba, Januari na Februari. Ukienda Machi, Aprili na Mei utakuwa na miezi sita mfululizo bila kurudi nyuma hata hatua moja. Kwa hiyo kata rufaa, na huku unakata rufaa endelea kuhudhuria kana kwamba rufaa haipo. Iwapo itashindikana, mwezi Juni unapeleka maombi mapya yasiyo na pengo. Nimewaona watu walioacha kuhudhuria wakisubiri majibu, na majibu yalipokuja mabaya wakajikuta wamepoteza mara mbili. Tathmini ya mwanasaikolojia nayo uliza inadumu muda gani kwa kampuni yako, ili kama inakaribia kwisha irudiwe mapema.

Hofu yako ya BMI naielewa, na nadhani hapa naweza kukutuliza. BMI ni kilo zako zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na kwako urefu huo unatoa 2.56. Kilo 108 ni BMI ya 42.2, kilo 104 ni 40.6. Sharti la 40 linamhusu mtu asiye na ugonjwa mwingine. Wewe una kisukari, presha na tatizo la pumzi usingizini, na kwa mtu kama wewe kiwango kinachotumiwa na kampuni nyingi ni 35, ambayo kwa urefu wako ni karibu kilo 90. Isitoshe, kampuni nyingi hutazama uzito uliokuwa nao mwanzoni mwa mpango. Punguza kwa amani, dada.

Viwango hivyo vya 40 na 35 vilitoka kwenye kikao cha wataalamu kilichoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani mwaka 1991, zamani ambapo tumbo lilipasuliwa wazi. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa upasuaji huu cha Marekani pamoja na shirikisho lao la kimataifa walitoa mwongozo mpya unaopendekeza upasuaji kuanzia BMI ya 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa wa kimetaboliki kama kisukari. Chama hicho cha Marekani kilikwisha kusema mwaka 2016 kwamba sharti la miezi ya lishe kabla ya upasuaji halina ushahidi na liachwe. Daktari wako ayataje hayo katika barua, lakini asiyategemee peke yake. Anayesoma rufaa hana mamlaka ya kubadili sera ya kampuni. Mamlaka aliyo nayo ni kukubali kwamba sharti lililomo kwenye sera limetimizwa. Barua nyingi za rufaa ninazoziona zikishindwa zina kurasa tatu za kulaumu sera, na hazina hata mstari mmoja wa kujibu sababu iliyotajwa.

Basi tuijibu sababu iliyotajwa. Omba kwa maandishi nakala ya faili lako lote pamoja na sera kamili ya kitabibu waliyoitumia. Ni haki yako kupewa bila malipo. Isome sera kwa maneno yake yenyewe. Nyingine zinasema miezi mfululizo, nyingine zinasema idadi ya ziara ndani ya muda fulani, na nyingine zinakubali usimamizi wa daktari yeyote, si lazima mtaalamu wa lishe wa kliniki ya upasuaji. Ndiyo maana nina swali moja kwako, na ulifikirie vizuri kabla ya kujibu: mwezi Novemba ulipokuwa Tanga, kuna mhudumu yeyote wa afya aliyekuona? Uliishiwa dawa? Ulipimwa sukari? Kuna mahali popote palipoandikwa uzito wako?

Mwisho, angalia kama jina la kampuni kwenye kadi yako ndilo linalolipa. Waajiri wengi wakubwa hulipa matibabu kwa fedha zao wenyewe, na kampuni ya bima huwa inaendesha makaratasi tu. Mipango hiyo iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 ya mafao ya wafanyakazi, na sheria za bima za jimbo haziigusi. Ofisi ya utumishi kazini kwako itakuambia ni upi, na wakati mwingine ofisi hiyo inaweza kuomba kesi itazamwe tena.

MamaBaraka (Houston, Texas)

Nawasalimu wote. Mimi niko katika ile aina ya kwanza aliyoieleza MwanaWaKisauni, na naandika ili mwenye hali kama yangu asipoteze muda kama nilivyoupoteza. Nilikataliwa, nikakusanya barua za madaktari wanne, nikalia kwenye simu na watu ambao hawakuwa na uwezo wa kunisaidia, na baada ya miezi saba ndipo mtu mmoja alinisomea kifungu cha mkataba: upasuaji wa kupunguza uzito haumo, hata uwe na ugonjwa gani. Barua zile zote zilikuwa za kweli na hazikuwa na mahali pa kwenda.

Kilichonisaidia ni bima ya mume wangu. Ulipofika msimu wa kujiandikisha, tulichukua muhtasari wa manufaa wa mwajiri wake, tukatazama vile visanduku viwili kabla ya kutazama makato ya mshahara, nikahamia huko. Nilianza masharti yao tangu mwanzo, kwa kuwa kampuni moja haifungwi na kibali cha nyingine. Kwa hiyo, dada BintiTanga, usibadilishe kazi wala bima wakati huu bila kufikiri sana.

Kuna ndugu walionishauri niende nje ya nchi nikalipe taslimu, na wengine walinielekeza nyumbani, kwenye huduma ya kuwekewa puto tumboni. Sitawahukumu waliochagua hivyo. Mimi niliogopa jambo moja: baada ya upasuaji kuna vitamini za maisha yote, kuna vipimo vya damu vya madini ya chuma na B12, na mshono unaweza kuvuja siku chache baada ya kurudi nyumbani. Nilitaka aliyenipasua awe umbali wa kufikiwa kwa gari.

BintiTanga, 13 Machi 2025

Nimewasoma wote na nimewaombea dua. MtuWaNyarugusu, kisa chako na binti yako kimenigusa sana. Tathmini yangu ilifanyika kwa Kiingereza na nilijieleza vya kutosha, lakini nimeelewa unachosema.

MwanaWaKisauni, muhtasari wa manufaa nimeupata, na upasuaji wa kupunguza uzito umo katika kisanduku cha pili, cha huduma zinazogharamiwa. Dirisha la mazungumzo ya daktari kwa daktari lilikuwa siku 14 tangu tarehe ya barua, na hakuna aliyekuwa ameyaomba. Sasa yamepangwa kesho.

Kuhusu swali lako, nilitaka kujibu kwamba sikuonwa na mtu yeyote. Kisha usiku nikakumbuka kwamba dawa za kisukari ziliniishia, kwa kuwa nilichukua za wiki mbili nikidhani nitarudi mapema. Mdogo wangu alinipeleka hospitali, na pale mlangoni tulinunua daftari, kama tunavyofanya nyumbani. Nimefungua mkoba wa safari na daftari limo, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa mkono tarehe 19 Novemba 2024: uzito kilo 106, presha 150/94, sukari 9.8. Chini yake daktari ameandika kwamba nimeshauriwa kupunguza wanga na sukari, kuongeza mboga za majani, kutembea nusu saa kila siku, na kurudi baada ya mwezi mmoja. Kuna sahihi na muhuri wa bluu wa hospitali. Je, daftari kama hili linaweza kupokelewa Marekani?

MwanaWaKisauni

Dada yangu, hilo ni ziara ya kitabibu yenye tarehe, uzito, ushauri wa lishe na mazoezi, na mpango wa ufuatiliaji. Sera nyingi zinadai hayo hayo, wala hazisemi yachapwe kwa kompyuta. Lipige picha kurasa zote, hata jalada. Lipeleke kwa mfasiri anayeweka tamko na sahihi kwamba tafsiri yake ni sahihi na kamili, usilitafsiri mwenyewe. Nakala ya ukurasa na tafsiri viende pamoja, na nakala ya pasipoti yenye mihuri ya kuingia na kutoka Tanzania iende navyo, ili tarehe zishikane. Daftari lenyewe usimpe mtu.

Daktari wako wa kawaida hapo Columbus aandike barua fupi akisema kwamba amesoma ripoti ya Novemba, kwamba inakubaliana na mpango aliokuwa ameuweka, na kwamba uzito wako umeshuka kutoka kilo 108 mwezi Agosti hadi 104. Na mwambie mratibu wa kliniki akague namba za ugonjwa katika maombi. Tangu Oktoba 2024 kuna namba mpya za unene, na ya unene wa daraja la tatu, yaani BMI ya 40 kwenda juu, ni E66.813; iandikwe pamoja na namba ya kisukari na ya pumzi kukatika usingizini. Maombi mengi hupelekwa na namba ya unene peke yake, na msomaji wa upande wa pili hajui kwamba mgonjwa ana kisukari hadi afike ukurasa wa thelathini.

BintiTanga, 18 Aprili 2025

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Katika yale mazungumzo daktari wa kampuni hakubadili uamuzi kwa simu, ila alimwambia daktari wangu kwamba kama kuna ziara ya Novemba yenye uzito na ushauri, ipelekwe kwa njia ya rufaa. Tulipeleka tarehe 24 Machi: kurasa tatu za daftari, tafsiri yake, kurasa za pasipoti, barua ya daktari wangu wa kawaida na barua ya daktari wa upasuaji. Faksi ya kwanza walisema hawakuipata; tulipeleka ya pili na nikaomba jina la aliyeipokea na namba ya kumbukumbu, nikaviandika.

Jana barua imefika. Uamuzi wa awali umebatilishwa na upasuaji umekubaliwa. Niliisomea jikoni nikiwa nimesimama, nikampigia mama Tanga, na yeye aliuliza swali moja tu, nani atakayenipikia uji nikitoka hospitali.

MwanaWaKisauni

Alhamdulillahi. Kabla ya kupanga tarehe, tazama mambo matatu katika barua hiyo: namba ya upasuaji iwe 43644, ambayo ni ya baipasi ya matundu madogo, maana nimeona barua zikija na 43775, ambayo ni upasuaji mwingine, jina la hospitali liwe lile lile utakakopasuliwa, na tarehe ambayo kibali kinakwisha. Kama daktari wa usingizi hayumo kwenye mtandao wa bima yako, yaani hana mkataba nayo, lakini hospitali imo, sheria iliyoanza Januari 2022 inamzuia kukudai tofauti ya bei, hivyo usitie sahihi karatasi yoyote ya kuiacha haki hiyo.

BintiTanga

Namba ni 43644, hospitali ni ile ile, na kibali ni cha siku 90, kinakwisha tarehe 16 Julai. Nimepewa tarehe 9 Juni. Leo mchana nimekwenda kupimwa uzito wa mwezi wa Aprili kama ulivyonielekeza, nina kilo 103 na nusu, na mtaalamu wa lishe ameiandika katika faili. Mwezi wa Mei nitakwenda tena.